Shingo Yangu Haina Malale

Kindu, upande wa muto

Mama yangu,

Mbele ya salamu, acha kulia. Barua hii nimeiandika kwa mukono wangu mwenyewe, na muntu mwenye malale hawezi kunyoosha mistari hivi. Sasa nakusalimu. Mugongo wako unaendeleaje? Kikohozi cha baba kimepungua? Na wewe Ramazani unayemusomea mama, usiruke mahali mukubwa wako anapojisifu.

Nimesikia mujomba Amisi amefika kwetu Obokote na kusema aliniona lazareti, nyumba ya wagonjwa, pamoja na wale wanaosinzia. Aliniona kweli. Ila aliondoka mbele ya kujua mwisho.

Unajua niko na wanganga, wale madaktari wazungu wanaochunguza malale. Mimi njo mukamataji wa mbung'o wa kwanza katika Kindu nzima. Navaa nguo nyeusi mugongoni, nakaa kando ya muto pale pirogi za kuvusha watu zinapofika, mbung'o wanakuja wenyewe, na mwenzangu anawafunika na wavu. Munganga anawapasua tumbo aone kama wamebeba ugonjwa. Watu wa mutaa wa Kasuku wanatucheka, eti muzungu anauliza inzi amekula nini. Wacheke.

Siku ya kupima watu, Papa Antoine, anfirmie wetu, muuguzi wa kutoka Kasai, anapapasa shingo. Akikuta tezi imevimba, mimi napaka alama ya chokaa kifuani, na muntu anaenda upande wa sindano. Wakitetemeka nawatania.

Basi, kinyozi wa sokoni alinikata njia katikati ya nywele, kama makarani. Aliikata na wembe mpaka damu. Nilipendeza, mama, usiulize. Kidonda kikaanza kuoza, nikakifunika na kofia, muntu asikione.

Tukaenda kupima watu wa Alunguli. Papa Antoine, kwa muchezo tu, akanishika shingo. Akaacha kucheka. Akapapasa tena, halafu akachukua chokaa mukononi mwangu na kunipaka alama yeye mwenyewe.

Nikaenda kusimama katika mustari wa sindano, mama. Mbung'o wananiuma kila siku, na ile dawa naijua: inaponya, lakini kuna wengine iliwaacha bila macho. Mbele yangu kulikuwa na bibi muzee mumoja ambaye asubuhi nilimwambia sindano ni kama busu. Akageuka, akaniangalia kutoka juu mpaka chini.

"Mume wangu, leo na wewe unabusiwa?"

Walinichoma shingoni, wakatazama maji ya tezi kwenye mikroskopi. Hawakuona kitu. Munganga hakuridhika, akasema nikae lazareti wanichunguze tena, damu na hata maji ya mugongo. Hapo njo mujomba alinikuta. Nilimwita kwa jina, akakimbia.

Nililala pale nikiogopa kusinzia, hata muchana. Kila mwayo niliufunga na mukono. Mwishowe usingizi ukanishinda, kofia ikaanguka, na Papa Antoine akaingia kunisalimu.

"Hii nini kichwani?"

"Njia ya nywele, papa."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema shingo imevimba kwa sababu ya kile kidonda, si malale, na kama ningevua kofia siku ya kwanza nisingechomwa mugongo. Akaninyoa kichwa kizima, akaniosha na dawa inayowaka kama pilipili. Munganga akatazama damu na maji yangu kwa mara ya mwisho, akasema ni safi. Tezi zikashuka zenyewe, na nimerudi mutoni kwa mbung'o wangu.

Kama mukeka wangu mumempa muntu, mumunyang'anye. Salimu baba, na bibi yangu muzee wa hapo nyumbani anayenifundisha matusi. Mujomba Amisi umwambie namusamehe kukimbia, lakini alikimbia na mawese uliyonitumia; ayalete. Zaina, binti wa fundi wa majembe, musimwambie habari ya kichwa. Semeni tu nimenenepa.

Mimi mutoto wako Salumu, ninayelala usiku na kuamka asubuhi.