Maboga Mbele ya Altare

Bibi,

Naandika saa ya chakula cha mchana, hapa Masjala. Wenzangu wamekwenda kula. Karatasi hii nimeinunua mwenyewe dukani, usije ukadhani nimechukua ya serikali. Najua ungeuliza.

Tangu uondoke mvua zimekatika, mahindi yamevunwa, na kuku wako mweusi amehamia kwa jirani, Mama Kulwa. Nimemfuata mara mbili, anarudi huko huko. Hayo ni mepesi. Nimeandika kwa sababu ya sakafu ya kanisa. Nataka uyasikie kutoka kwangu, maana kosa ni langu.

Kwanza nikukumbushe Jumamosi zako, ingawa unazijua kuliko mimi. Nilikuwa mdogo, nakaa kwenye kizingiti cha kanisa letu la Litapunga nikikuangalia. Mama Kulwa alikuwa ameshaleta kinyesi cha ng'ombe kwenye karai, wewe umeshachota udongo wa kichuguu. Ulichanganya kwa mikono, ukaanzia altareni, ukarudi nyumanyuma kwa magoti mpaka mlangoni, kiganja kikichora nusu duara, nusu duara, kama magamba ya samaki. Halafu pale mbele, chini ya altare, ulichora kwa udongo mweupe.

Padre alikuwa amehubiri juu ya mzabibu. Wewe mzabibu hujawahi kuuona, ila ulisikia kwamba ni mmea unaotambaa. Basi ukachora maboga. Majani mapana, maua, na ili watu wasikosee, maboga mawili manene. Padre alipoyaona alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akasema, "Yaacheni hapo."

Nilikuuliza, "Bibi, mbona unachora vitu ambavyo kesho watu watavifuta kwa miguu?"

Ukasema, "Ugali nao si unaliwa ukaisha, mume wangu? Mbona tunapika?"

Sikukuelewa. Nilijua tu kwamba Jumapili watu walikuwa wanavua viatu mlangoni, na hakuna aliyewaamuru. Walikuwa hawataki kuharibu kazi yako kabla ya wakati. Mtu anayechagua pa kukanyaga hana nafasi ya kupiga domo, kwa hiyo sauti zilikuwa zinashuka zenyewe. Kanisa la udongo, paa la nyasi, na ukiingia unajikuta umenyamaza.

Sasa nikuambie nilichofanya.

Baada ya mazishi yako, wanawake walijaribu kuendeleza Jumamosi tatu. Mikono yao haikuwa kama yako, wakakata tamaa. Ndipo Mwenyekiti wa kigango, Mzee Fulgensi, akaitisha kikao. Akasema, "Nyie hamwoni aibu? Padre anapiga goti kwenye mavi ya ng'ombe! Tutaomba saruji parokiani." Watu wakacheka, wakakubali. Mimi nilikuwa naandika muhtasari. Mzee akanigeukia, "Katibu, una neno?"

Nilikuwa nalo, Bibi. Lilikuwa limefika hapa kooni. Lakini unanijua. Ofisini Bosi akiniita tu, mikono inalowa jasho. Nikasema, "Sina, mzee."

Na si hilo tu. Barua ya kuomba saruji niliiandika mimi, na humo niliandika hivi: "Sakafu iliyopo haina heshima mbele ya Mungu." Mwenyekiti hakunitajia sentensi hiyo. Niliitunga mwenyewe, kwa sababu ilikaa vizuri kwenye karatasi. Ulikuwa hujamaliza miezi miwili kaburini.

Saruji ikaletwa. Sitaki kuisingizia. Vumbi limekwisha, na watoto hawatoki tena na funza. Mzee Fulgensi naye, nikimtendea haki, alitaka Mungu aheshimiwe kama ulivyotaka wewe. Lakini Jumapili ya kwanza watu waliingia na viatu. Ya pili wakaingia na maongezi ya bei ya mahindi, yakaendelea mpaka ishara ya msalaba. Ya nne mtu aliegemeza baiskeli yake ukutani, ndani, karibu na altare, kwa sababu nje palikuwa na jua na aliogopa matairi yataharibika. Hakuna aliyemwambia kitu. Mimi pia sikumwambia. Niliangalia mahali pa maboga yako, nikaona gurudumu la mbele.

Mama Kulwa ndiye aliyenisukuma. Yeye hajabatizwa, wewe unajua, ila watoto wake wote anawaleta. Alinishika mkono nje ya kanisa. "Karani, Kulwa ananiuliza maboga ya bibi yamekwenda wapi. Nimjibu nini?"

Nikamwambia saruji haishiki udongo.

"Nani kakuambia? Umejaribu?"

Sikuwa nimejaribu.

"Changanya udongo mweupe na maji ya mlenda, utashika. Kinyesi nilikuwa namletea bibi yako miaka yote bila kuambiwa asante na hilo kanisa lenu, sasa nitashindwa kuleta mlenda?"

Kikao kilichofuata kilikuwa cha kujiandaa na Komunyo ya Kwanza ya watoto. Niliandika jambo langu mwisho kabisa, kwenye mengineyo, nikitumaini muda utaisha. Haukuisha. Nikasimama. Nikashika benchi la mbele. Nikasema, "Naomba ruhusa nichore chini ya altare kama Bibi alivyokuwa anachora."

Mwenyekiti akasema, "Wewe? Mwanaume mzima, karani wa serikali, upige magoti na udongo?"

Mtu akasema nyuma yangu, "Mwacheni, huenda anatafuta mchumba," na kikao chote kikaangua kicheko.

Nilitaka kukaa, Bibi. Badala yake nikasikia sauti yangu ikisema kwamba katika ile barua niliandika sakafu ya Bibi haina heshima, kwamba ni uongo, kwamba uongo huo ni wangu peke yangu na naomba muhtasari uonyeshe hivyo. Nikasema kanisani kwetu hakuna dhahabu wala vioo vya rangi. Tulikuwa na mikono ya Bibi.

Mzee Fulgensi akanigeukia. Akasema, "Kachore. Ukiharibu, utasugua mwenyewe."

Jumamosi nikatoka Mpanda mjini, ninakofanya kazi, na baiskeli asubuhi na mapema. Nikapiga magoti pale ulipokuwa unapiga wewe. Saruji inaumiza, sikuwahi kufikiria magoti yako. Mlenda ulishika kweli. Nusu duara zangu, kutoka altareni mpaka mlangoni, zilikuwa ndogo kubwa, ndogo kubwa, mpaka nilipoacha kufikiri nikauachia mkono uende. Majani yakatoka. Boga la kwanza lilifanana na sufuria. Kulwa alikuwa kizingitini na mama yake, akaniambia bila huruma, "La bibi lilikuwa na tumbo." Nikaongeza tumbo.

Jumapili ya Komunyo sikutangaza chochote. Nilisimama kando ya mlango nimeshika kitabu cha mahudhurio ya watoto. Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Fulgensi, na viatu vyeusi vipya vinavyong'aa. Akafika mlangoni, akaona magamba meupe yakianzia kwenye vidole vya viatu vyake mpaka altareni. Akasimama. Nyuma yake watu wakaanza kurundikana.

Akainama, akafungua kamba. Akavua cha kulia, akavua cha kushoto. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu, na kidole gumba kilikuwa nje chote. Akanitazama kwa ukali, akaninong'oneza, "Katibu, hili usiliandike."

Sikuliandika. Nakuambia wewe tu.

Wote wakavua. Wakapita pembeni mwa kuta, mmoja mmoja, wakiangalia chini. Nikasikia tena ile sauti ya miguu mitupu. Wale watoto wa Komunyo walisimama kwenye ukingo wa maboga wakipokea, na hakuna aliyeyakanyaga mpaka Padre aliposhuka mwenyewe kutubariki. Misa ilipokwisha majani yalikuwa yamefutika nusu. Nilidhani nitaumia. Sikuumia. Nilisikia njaa, njaa nzuri ya mtu aliyefanya kazi.

Bibi, nisamehe ile sentensi. Bado naogopa Bosi, bado naogopa vikao, sidhani kama hilo litaisha. Lakini Jumamosi nakuahidi. Baiskeli ikiharibika nitatembea. Na Kulwa nimemwachia boga la pili alichore yeye, maana tumbo analijua kuliko mimi.

Wenzangu wanarudi, nawasikia kwenye ngazi. Udongo mweupe uliobaki nimeuhifadhi kwenye kopo. Nikitoka kanisani Jumamosi hii nitapita kaburini kwako, nichore jani moja juu ya udongo. Mvua itakuja italifuta.

Nitachora jingine.

Pumzika, Bibi.

Mume wako, wa Masjala