Nikimgeuza Buchanan Ukutani, Baba Atanisusa

Mpendwa Shangazi Verna,

Nakusoma gazetini tangu nikiwa mke mpya na sikuwahi kudhani kuna siku nitakuandikia, maana shida zangu huzimaliza mwenyewe, lakini hii imenishinda, naomba unishike mkono kabla ya Siku ya Marais, kwa sababu mwaka huu kura ya kuamua ni yangu na nikiipiga kwa haki nitampoteza baba yangu.

Hapa kwetu, kwenye ukumbi wa zimamoto wa kujitolea, kila Februari tunakula maharage na paja la nguruwe, meza zikishafutwa tunabishana ni rais gani aliyeiongoza Marekani vibaya kuliko wote, wale wa zamani tu, kwa sababu mwaka mmoja walitajwa wa enzi zetu na watu wakarushiana pai, na kila mtetezi anapigana rais wake asishike mkia, na anayeshika mkia picha yake inageuzwa uso ukutani mpaka Februari nyingine na mtetezi wake anaosha masufuria yote. Sasa, Shangazi, James Buchanan ni mtoto wa kaunti yetu, alizaliwa milimani hapo juu tu, na baba yangu, mzee Harlan, amekuwa mtetezi wake tangu mimi sijaolewa, na kwa adabu hakuna aliyewahi kumgeuza, tunawageuza akina Pierce na Harding na Andrew Johnson, watoto wa watu wengine.

Mwenye kura ya kuamua hutangazwa wakati wa Krismasi ili apate kusoma, nami nikachukua vitabu maktaba kwa kujifurahisha, nikanogewa, viazi vinaungua jikoni mimi nasoma, nikakuta kwamba mwaka 1860 majimbo ya kusini yalipoanza kujitoa ili yabaki na utumwa wao, Buchanan alisema hayana haki ya kutoka, halafu akasema serikali nayo haina uwezo wa kuyazuia, akakaa, na alipokabidhi ofisi majimbo saba yalikuwa yameshaondoka. Nikasoma na ya Johnson, aliyeshika urais vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata vikimalizika, akaikataa sheria ya kuwapa haki watu waliotoka utumwani mpaka Bunge likaipitisha bila yeye, na sasa swali halinitoki kichwani hata nikiwa naanika nguo: mbaya zaidi ni aliyetenda ubaya au aliyeuacha utendeke? Kila nikipima naona ni Buchanan.

Jumapili iliyopita tulikuwa ukumbini tunakunywa kahawa, Loretta anayemtetea Johnson akaanza uchokozi wake.

“Harlan, wangu mbaya, sikatai. Ila yeye alikabidhiwa nyumba imeshaungua. Wako aliona moshi akasema hana ndoo!”

Watu wakacheka, baba akawa mwekundu.

“Ndoo, ndoo! We Loretta ulitaka afanye nini? Watoto wako wawili wakishikana mashati sebuleni, ukimkamata mmoja si umemtupa mwingine?”

“Kwa hiyo ukae uwatazame?”

Baba aliacha pai yake ya molasi nusu, akachukua kofia, akafika mlangoni akanigeukia mimi, wala si Loretta. “Binti, ukiigeuza ile picha, hapa hamnioni tena. Na kwangu usije.”

Hatanii, Shangazi. Amekuwa mkali tangu mama afariki na kaka zangu Curtis na Dwight wagombanie shamba la maziwa, Curtis anataka ng'ombe wauzwe, Dwight hataki, baba akasema ngoja nifikiri, akafikiri mpaka Dwight akafunga mizigo akahamia Ohio na hapigi simu, lakini hiyo ni habari nyingine, nisikuchoshe. Huo ukumbi ndio umebaki kumtoa nyumbani. Mume wangu ananiambia, “Ni picha tu, mpe mzee ushindi wake,” lakini nikidanganya, kusoma kote kule kulikuwa kwa nini? Nifanyeje?

Mwenye kura, Kaunti ya Franklin, Pennsylvania

*

Mwenye kura,

Majina ya familia yako na ya mama wa kahawa nimeyabadilisha, ingawa katika kaunti mnamojuana wote huko ni kujifariji tu.

Kwanza nikugombeze. Umesoma vitabu vyote hivyo juu ya mtu aliyekufa zamani na hukumsoma mzee uliyekaa naye meza moja. “Hiyo ni habari nyingine,” unaniambia. Binti yangu, hiyo ndiyo habari yenyewe! Watoto wawili, sebule moja, baba katikati anafikiri. Nani kati yenu alikuwa anaongea habari za mwaka 1860 pale? Loretta alipomwuliza kama mtu akae atazame, alimgusa kidonda bila kujua. Ndiyo maana alikugeukia wewe, kwani wewe ndiye shahidi wa yale ya nyumbani. Anaogopa ukiigeuza ile picha utakuwa umemhukumu yeye.

Nakuonea huruma, na yeye zaidi. Lakini usimdanganye. Mumeo ni mtu mwema na ushauri wake ni mbovu. Mzee aliyekamua ng'ombe maisha yake yote anajua anapobembelezwa, na ushindi wa kubembelezwa utamwuma kuliko masufuria.

Kuhusu swali lako, mimi ningemshikisha mkia Johnson. Buchanan alikosa ujasiri. Johnson ujasiri alikuwa nao, akautumia kuwakandamiza watu waliokuwa ndio kwanza wametoka kwenye minyororo. Nawe umenitikisa kidogo, nakiri, kwa sababu asiyeziba ufa hujengea wengine ukuta wa kuwaangukia. Mkibishana, basi muwataje na wale walioangukiwa. Humo ukumbini mnahesabu makosa ya wenye nyumba na kuwasahau waliokuwa wamefungiwa ndani. Kura ni yako, piga unavyoamini.

Ila nenda kwa baba yako leo, kabla hajaufungua ukurasa huu. Usiende na kitabu. Kaeni jikoni, umwambie hivi: “Baba, nitampigia Buchanan kura ya mkia. Wewe sijakupigia kura yoyote.” Atafoka. Mwache afoke, wala usijibu hoja hata moja. Akinyamaza, mwulize angependa kumwambia nini Dwight, kisha ukae kimya, jambo ambalo kwa barua hii ndefu naona halitakuwa rahisi kwako. Shamba liuzwe au lisiuzwe, si kazi yako kuamua, wala Curtis asiitwe kwa sasa.

Na siku ya sherehe, akija asije, wewe vaa aproni uoshe masufuria ya mtetezi wa Buchanan.

Buchanan hawezi tena kusahihisha chochote. Baba yako yu hai, na Ohio ni jimbo la jirani. Mpe ufunguo wa gari, aendeshe mwenyewe.

Shangazi Verna