Chumvi ya Shamba la Mama

Wambui mjukuu wangu,

Hapa Kangemi tuko wazima. Mguu wa mamako umepona, na Jumapili alitembea mpaka kanisani akiringa.

Unauliza kama ung'oe mboga zako za sukuma huko Magadi, kwa vile maji ya chumvi yanazikausha, kisha urudi nyumbani. Ngoja kwanza. Nikiwa msichana, maji ya kisima yaliacha ukoko mweupe shambani kwetu. Baba alitaka udongo wote utupwe. Mama akakataa. Alichanganya samadi iliyooza na majani makavu, akafunika, na msimu mzima hakupanda kitu. Majirani walicheka: "Sasa unalisha mchanga?" Kila asubuhi alichota udongo kiganjani akaunusa. Siku moja akaniita, "Hebu nusa." Ulinukia kama mvua ya kwanza. "Vijidudu vimerudi," akasema. Tukapanda, na sukuma zikashika.

Nikamuuliza chumvi imeenda wapi.

"Iko palepale. Lakini sasa sukuma ina wenzake."

Umeandika pia kwamba huko hujazoeana na mtu. Samadi, mjukuu wangu, huombwa kwa jirani mwenye mbuzi. Enda upige hodi.

Shosho wako