Majora ya Nyama

4 Februari

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti limepunguza visa. Mimi sijambo, ila baridi ya huku imeniachia mafua. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unasikia nusu, na hiyo nusu unaijibu vingine.

Jumapili nilinunua steki na hoho za rangi tatu nikajaribu majora ya Mama. Unayakumbuka? Ile nyama nyembamba aliyoiviringisha na hoho na vitunguu ndani, mapishi aliyofundishwa hotelini alikofanya kazi na yule mpishi mgeni wa Teksas. Wewe ndiye uliyeyaita majora, ukisema yanafanana na majora ya vitambaa kwenye rafu zako. Yangu yalifunguka yote kikaangoni. Nilikaa chini nikalia, Baba, sikufichi. Huu mwaka wa tatu tangu tumzike, na sijaonja tena kitu kile.

Tafadhali niandikie kila kitu, kuanzia nyama hadi viungo. Msalimie jirani yako fundi viatu.

Mwanao,
Kifungo

1 Machi

Mwanangu Kifungo,

Marahaba. Mimi mzima, goti nalo lina maneno yake. Pole na mafua, chemsha tangawizi. Barua yako nimeisoma mara nne, ya tano nilimsomea fundi viatu bila yeye kuniomba.

Haya, tuanze na nyama. Mwombe mwenye bucha paja. Nyama ina nyuzi kama kitambaa: ikatwe kwa kukingamisha kisu, ukifuata nyuzi utatafuna mpaka taya ziume. Kisha iponde. Mimi nilitumia ile pasi kuukuu ya mkaa, ikiwa tupu na baridi, nimeivika kitambaa safi. Mama yako alikuwa akinisimamia nyuma: "Fundi, unaponda nyama au unanyoosha suruali?" Ponda hadi ifikie unene wa kola ya shati, basi.

Mengine barua ijayo. Mkono umechoka.

Baba yako

27 Machi

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Hali yangu njema, mafua yameondoka. Wewe je? Unakula vizuri?

Pasi ya mkaa huku sina, nimeponda kwa kitako cha sufuria. Imekuwa nyembamba sawasawa, nilifurahi peke yangu kama mwehu. Nikaviringisha, nikafunga kwa uzi niliotoka nao kiwandani, ule tunaoshonea magodoro. Baba, uzi uliyeyuka! Nyama ikanuka kama ndoo ya plastiki iliyoungua. Jirani wa juu alikuja kugonga akiuliza kama niko salama.

Nieleze kufunga. Na viungo, usisahau viungo.

Mwanao,
Kifungo

20 Aprili

Mwanangu Kifungo,

Marahaba, mama. Afya ipo. Nimecheka hadi fundi viatu akatoka na kiatu cha mteja mkononi kuuliza kulikoni. Mtoto wa fundi cherehani, uliyezaliwa chini ya meza ya kukatia, unafunga nyama kwa nailoni! Aibu hiyo tusiitoe nje ya familia.

Uzi ni wa pamba, mweupe, usiotiwa rangi. Uloweke kwanza majini ndipo usiungue. Zungusha mara tatu, maliza kwa fundo lile lile la kukazia kifungo cha koti, na mkia uuache mrefu ili mlaji avute mwenyewe. Ulikuwa ukizikusanya nyuzi za sahani zote, na yangu ukiidai hata sijamaliza kula. Ulizipanga ukingoni mwa meza na hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Siku hizi meza ile ni safi mno, siipendi.

Viungo ni habari ndefu. Barua ijayo.

Baba yako

12 Mei

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima.

Mara ya tatu sasa nauliza viungo. Kama hutaki kunipa, sema. Najua una kinyongo nami kwa kuwa niliondoka siku ya tatu tu baada ya mazishi, nikakuachia nyumba na vyombo vya Mama. Ila usiniadhibu kupitia chakula chake.

Mwanao

3 Agosti

Mwanangu Kifungo,

Hujambo? Nimechelewa kujibu na si kwa sababu ya goti. Nimekaa na barua yako karibu miezi mitatu nikiona haya.

Viungo sivijui. Miaka ishirini na sita nilisimama kando ya mama yako nikiponda na kufunga, lakini bakuli lake sikuwahi kulichungulia. Nikisogeza pua napigwa mwiko mkononi. Nilikuwa nakukatia maelezo vipande vipande kwa sababu tangu azikwe unaandika mara mbili kwa mwaka. Uliponiuliza jambo ninalolijua, niliona nikikupa lote kwa mkupuo utanyamaza tena. Nisamehe, mwanangu. Ni ujanja wa mzee mpweke.

Kinyongo sina. Siku ile ya kuondoka ulipita mlango wa jikoni bila kugeuza shingo, na nilikuelewa, maana hata mimi nilikuwa sijaweza kuingia. Ila nakutamani nyumbani. Hilo nimelizunguka barua zote hizi.

Nimejaribu mara tatu. Ya kwanza ilikuwa chumvi tupu. Ya pili nikatia mdalasini, fundi viatu akala kwa adabu. Ya tatu tulimpa paka, naye akaifikiria.

Baba yako

26 Agosti

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo tena na tena. Nisamehe maneno ya ile barua.

Mimi viungo navijua tangu nina miaka saba. Nilikaa kwenye kigoda nikimkatia Mama hoho, na bakuli lilikuwa usawa wa macho yangu. Ndimu mbili. Punje nne za kitunguu saumu. Kijiko cha bizari nyembamba, ikaangwe kavu ndipo isagwe. Nusu kijiko cha pilipili ya unga, chumvi, mafuta vijiko viwili. Nyama ilale humo saa mbili. Hoho na vitunguu vipitie tu kikaangoni, vibaki vinalia ukivitafuna.

Kuponda na kufunga ndiko kulikonishinda kweli. Viungo nilikuuliza makusudi. Fundi viatu aliniandikia Januari kwamba jiko lako limeota utando wa buibui na unaishi kwa chai na mkate. Ningekwambia upike, ungeniambia umeshiba. Nikaona nikiuliza, utalazimika kusimama pale jikoni ukumbuke. Uliponikwepa nilidhani unaninyima kweli, ndipo nikakasirika. Wewe ukasimama, mimi huku naogopa hata kuuwaza mlango wake.

Usijibu barua hii. Jibu lako halitanikuta huku.

Mwanao,
Kifungo

Jumapili, 14 Septemba. Juu ya meza ya jikoni

Baba,

Shikamoo. Ufunguo nimepewa na fundi viatu, anasema umekwenda bucha. Nilisimama mlangoni muda mrefu, kisha nikaingia. Kigoda kiko pale pale. Nimelia kidogo, nimenawa uso, nimekata hoho. Bizari nimeshaikaanga na uzi uko majini.

Nimetoka kutafuta ndimu, narudi sasa hivi. Ukinitangulia kufika usiponde. Nataka kukaa kwenye kigoda nikusikie.

Kifungo

(Chini yake, kwa penseli ya kuchorea vitambaa:)

Marahaba. Harufu ya bizari nimekutana nayo uani, nikakaa kwanza kwenye ngazi. Nyama nimeleta ya watu wawili. Pasi nimeivika kitambaa na sijaanza kuponda. Njoo.

Baba