Jina la Chura wa Baba

Antananarivo, 14 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamooni, wewe na Mama. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba pengo la jino halikusumbui tena kutafuna. Mimi sijambo, ila mvua ya huku imezoea kuingia chumbani kwangu bila hodi.

Yule chura uliyemkamata ulipoteleza kijitoni, jino likaenda na mkono ukabaki juu umemshika, amethibitika kuwa mpya. Hakuna kitabu kinachomjua! Nilimwambia Profesa Razanakolona tumwite kwa jina lako. Alicheka, akasema nimechelewa: haki ya kumpa chura jina imeshauzwa mnadani kwa Bwana Andriamparany, muuza mabati, naye anataka lake.

Baba, niliumia. Mtu ambaye hajalowa hata soksi kwa ajili ya chura! Siku alipokuja kumtazama alilalamika kuwa ni mdogo, akauliza kama pichani hawezi kurefushwa kidogo. Kisha akatusimulia anavyopenda miguu ya vyura ya kukaanga, kila Jumapili, sahani mbili.

Nilimwuliza kwa upole kama ameshaiaga hiyo miguu, maana kwetu msituni anayempa chura jina lake amemfanya ndugu, na ndugu haliwi: ni mwiko kwake, kwa wanawe na kwa wajukuu. Aliuliza, hata wale wakubwa wa mashamba ya mpunga? Nikamjibu kuwa hao ndio mashemeji. Alifika mlangoni akarudi mara tatu, mwishowe akamwambia Profesa abaki na chura wake.

Makala ya kumtangaza chura ilikuwa ichapishwe kesho yake. Profesa, kwa hasira, aliniambia niandike jina lolote linalomweleza mnyama mwenyewe. Kwa kuwa ukimshika anatoa harufu ya nguo zilizovunda, niliandika maimbo, yaani anayenuka kwa Kimalagasi chetu. Alitia saini palepale. Hajui kwamba wewe, Jozefu wa kwenye karatasi za msitu, nyumbani unaitwa Ramaimbo, na kwamba Bibi alikupa jina la uvundo ili mizimu isikutamani. Limeshachapishwa, na kwa sheria za wataalamu halibadilishwi tena, hata kwa mabati ya mji mzima.

Sasa Baba, keti. Mwiko ule niliutunga mimi, papo hapo. Na jana Profesa aliniambia kuwa fedha za Bwana Andriamparany zilitengwa kuwalipa walinzi wa msitu mwaka mzima. Yaani ninyi. Nimelia mpaka macho yamevimba. Nusu ya mshahara wangu itakuja huko kila mwezi, mgawane, na naomba unisamehe. Jina lako litadumu daima. Mshahara wako ndio niliofuta.

Mpe Mama salamu zangu, na walinzi wenzako pia, ila usiwaambie mwiko ulitoka kinywani mwa nani. Mkikaanga vyura, kuleni kwa amani. Lakini huyo mdogo anayenuka mwacheni. Huyo sasa ni ndugu kweli.

Ni mimi binti yako mkosaji,
Hanta