Tarumbeta na Vizibo vya Soda

3 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi mzima, cherehani nayo inaunguruma. Lakini roho haijatulia. Mteja kanionyesha video ya harusi mliyopiga muziki na wenzako: wewe, mpiga tarumbeta mzima, unafungua soda kwa meno na watu wanakushangilia! Mwezi ujao bendi kubwa inakujaribu. Utapulizia nini, masikio? Binadamu hupewa meno mara mbili tu, na ya kwanza ulishayamaliza. Mimi niliyekulea sikuwa na wa kunishangilia.

Dada yako

10 Machi

Dada,

Shikamoo. Naendelea vizuri, usijipandishe presha. Na anayenisema ni nani? Si wewe unayekata uzi kwa meno tangu nikiwa sijui kutembea? Jino lako la mbele limeliwa mpaka lina mfereji! Vile vizibo ni vya kuchangamsha watu tu. Fizi ndizo zinanisumbua kidogo. Nikipiga mswaki zinatoa damu, basi upande huo nimeuacha upumzike.

Mdogo wako

14 Machi

Wewe mtoto,

Salamu baadaye. Nani kakwambia uchafu unapumzisha fizi? Nimemuuliza daktari wa meno wa hapa mtaani. Anasema piga mswaki upande huohuo, taratibu, kwa mswaki wenye nywele laini, usisugue kama unaparuza sufuria. Halafu uende ukaonwe, damu si ya kuzoea. Mimi nimejifunga mkasi shingoni kwa utepe. Mkono unausahau, mdomo unauwahi uzi. Jana nimejikuta nimeng'ata, nikajitukana mbele ya mteja. Lakini najitahidi. Na wewe je?

Dada yako

29 Machi

Mdogo wangu,

U mzima kweli? Kimya chako kinanifanya nishone mikono ya shati kinyume. Simu huipokei. Jumamosi ijayo ndiyo majaribio. Niandikie hata neno moja: umekwenda kwa daktari?

Dada yako

6 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mwili mzima, mengine usiulize.

Ijumaa wenzangu waliniandalia kajisherehe ka kunitakia heri. Wakaanza kuimba, "Meno! Meno!" Nikasema soda hii ya mwisho, nikang'ata kizibo. Jino la mbele likakatika nusu. Jumamosi nikaenda hivyo hivyo. Pumzi ikapitia kwenye pengo, tarumbeta ikatoa sauti ya birika. Kiongozi wa bendi akasema, "Kijana, nafasi haiwezi kukungoja." Wamemchukua mwingine.

Daktari anasema mzizi ni mzima, jino litavikwa kofia. La pembeni linacheza kwa sababu ya fizi nilizoziacha, ila likitunzwa litashika. Halafu nijifunze upya kukaza midomo, kama mtoto. Dada, sina moyo huo. Nimepata mtu wa kuinunua tarumbeta, anakuja Jumatano. Usiniandikie pole.

Mdogo wako

8 Aprili

Mdogo wangu,

Pole umeikataa, sikupi. Barua hii nampa dereva wa basi la usiku, ikufikie kabla ya huyo mnunuzi. Mwambie umeghairi. Akikasirika, mwambie angoje aongee na mimi.

Nakuja kesho kutwa, duka nimelifunga. Tutakwenda wote kwa daktari, nami nina jino langu la kuonyesha. Tukirudi, toa tarumbeta. Usipotaka kuipuliza wewe, nitaipuliza mimi, dirisha wazi, asubuhi na jioni, kwa ubaya wote ninaouweza. Nakujua. Hutavumilia hata siku mbili, utaninyang'anya.

Dada yako