Oliva Abaki na Gemu Lipi

Shambani, Mbingu
11 Mei

Dada Marsiana,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko kwenye mashamba ya miwa, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa Pasaka kimetulia. Sisi hatujambo kiasi. Mguu wa Mama bado umevimba, lakini anapika na kugomba kama kawaida yake, kwa hiyo usimhofie. Mpunga umetoa masuke na ndege ni wengi mno. Tangu alfajiri hadi jua lizame niko juu ya dungu la miti nawaamia kwa kelele wasile mpunga, sauti imenikauka. Barua hii nampa Barnaba wa bodaboda, kwa sababu nikipiga simu Mama husimama karibu, na haya siwezi kuyasema akinisikia.

Uliniuliza, kati ya yale magemu mawili uliyomnunulia mwanao Oliva pamoja na kimashine chake, abaki na lipi. Nimeyacheza yote hadi mwisho, nikijidai nayakagua kwa ajili ya mtoto. Usinicheke. Yote mawili ni ya yule yule msichana mwenye taa anayemtafuta kaka yake, ila yametofautiana sana. Lile la kwanza linatisha, dada. Halina ramani wala muziki. Taa ikiisha mafuta unabaki gizani unasikia tu kitu kinapumua, na ukikosea hatua ukaanguka majini, umekufa, unaanza upya kabisa. Mimi mwanaume mzima nilishtuka nusura nianguke kutoka dunguni. Oliva lilimliza, akawa hataki hata kwenda chooni peke yake, ndipo mimi na wewe tukakubaliana tumpe kwanza lile lingine, lisiloua.

Hilo la pili ni zuri kupita kiasi. Mshale unakuonyesha njia, na maji yake yanalia kama maji ya kweli. Humo hakuna kufa. Msichana akitumbukia mtoni, kufumba na kufumbua yuko ukingoni, mkavu. Oliva alikuwa akicheka hadi anashika tumbo, basi nami nikawa namtumbukiza yule msichana makusudi, mara kumi, mara ishirini, ili tu nimsikie mtoto akicheka.

Mama alikwambia kwamba Jumanne Oliva aliteleza mferejini akanywa maji kidogo. Ndivyo nilivyomwambia mimi. Nilimdanganya. Oliva hakuteleza, aliruka.

Nilikuwa dunguni nacheza hilo la pili, yeye yuko chini anafinyanga matope. Nikasikia maji, chubwi. Nikadhani ni gemu. Nikaendelea kubonyeza, dada. Sijui ulipita muda gani. Nakumbuka nilivuka daraja na kuokota ufunguo, halafu ndipo nikaona kuwa msichana wangu muda wote ule alikuwa pakavu, hajagusa maji. Nikatazama chini. Oliva hayupo.

Nilimvuta kwa gauni. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Nilimpigapiga mgongoni nikilia na kumwita Mungu, mpaka akatapika maji na kukohoa. Alipopata pumzi hakulia. Alinikasirikia, akaniuliza mbona nilichelewa kumrudisha.

Tangu siku ile silali vizuri. Nimemweleza kwamba mtu akizama harudi, naye anaitikia, lakini anaitikia kama anavyoitikia akiambiwa anawe mikono. Jana nimemkuta tena ukingoni mwa mfereji, na maji yamepanda kwa mvua hizi. Alikuwa ameshika kile kimashine. Akaninyooshea, akasema nikishike kwanza, ili safari hii niwahi.

Njoo umchukue, dada, kabla ya Jumapili. Nikiondoka mimi kumleta, Mama hawezi kupanda dunguni na mguu ule, na ndege watamaliza mpunga. Ukinichukia nitakuelewa, na Mama mwambie mwenyewe au niachie nimwambie mbele yako. Magemu yote mawili nimeyafunga kwenye mfuko nimempa Barnaba akuletee. Mimi sitaki kuchagua.

Msalimie shemeji Kelestini na majirani wote wanaotukumbuka. Mama anakusalimu sana. Oliva naye anakusalimu. Nimemfunga kamba kiunoni, ncha ya pili iko kwenye mguu wangu, na Mama anadhani tunacheza.

Mdogo wako,
Egidius